Kona isiyoadhibu

Katika kibanda cha gemu ninachokipita kila jioni huku Kaptembwa, Nakuru, skrini nne kati ya tano huwa na mpira. Ya tano imewekwa pembeni, na PlayStation 2 yake imechakaa. Hiyo ndiyo ya magari, na ndiyo pekee ninapoona mtu asiyewahi kushika pedi ya kuchezea gemu akikaribishwa bila kuchekwa. Mpira wa skrini unakudai vitufe chungu nzima kabla hujapiga pasi ya maana. Mbio za magari zinataka uminye mafuta na upinde. Mama anayekaanga chapati mlangoni huingia wateja wakipungua, akakimbiza raundi mbili, akarudi kwenye jiko lake.

Nalieleza hilo kwa sababu vijana wenye kompyuta nzuri na usukani wa kuchezea huniambia kwamba mbio za aina hii ni za watoto: gari halina uzito, breki hazina kazi, kona inakatwa kwa kasi ambayo ingekulaza mtaroni. Yote hayo ni kweli. Ninachokataa ni kuyaita makosa.

Mtindo huu wa akedi, unaotanguliza raha kuliko uhalisia, ulizaliwa kwenye mashine zilizokula sarafu. Mwaka 1986 Sega walitoa OutRun, kazi ya Yu Suzuki. Toleo lake kubwa lilikuwa mashine yenye umbo la gari: unaketi ndani, inayumba ukipinda, unachagua muziki redioni, kisha unakimbizana na saa. Barabara inagawanyika, kila tawi lina mandhari yake, na miisho iko mitano. Mashine kama hiyo haikuwa na muda wa kukufundisha udereva. Ilibidi ikupe raha kabla sarafu yako haijaisha.

Raha hiyo inakaa kwenye kona. Tairi la kweli lina mshiko wa kiasi fulani tu, na mshiko huo ndio unaogawanywa kati ya kufunga breki, kuongeza mwendo na kupinda. Ukidai vyote kwa mpigo, tairi linaachia. Aliyewahi kuteleza kwenye mteremko wa Mau Summit mvua ikinyesha anajua tumbo linavyoshikana wakati huo. Ridge Racer ya Namco, iliyotoka 1993, iliichukua hofu hiyo na kuiondolea adhabu. Unaachia mafuta kidogo, unapinda, unakanyaga tena. Gari linakwenda ubavuubavu, na programu yenyewe inalivuta lifuate barabara. Unabaki na ile hisia ya kuokoka, bila jeraha. Kumpa hisia hiyo mtu ambaye huenda asimiliki gari maishani mwake ni kazi ya ufundi, nami naiheshimu.

Wanaopenda uhalisia nao wana hoja, na kwetu haihitaji kutafutwa mbali. Safari Rally ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana humo tangu 2002, na makao yake yakawa Naivasha, ndani ya kaunti yetu hii. Magari yakazama kwenye vumbi laini la Kedong, huko huko Naivasha, huku tukitazama. Mashindano hayo yamo katika gemu ya EA Sports WRC ya 2023, na mpwa wangu aliicheza kwa jirani. Jioni ya kwanza hakumaliza hatua hata moja. Siku ya tatu alikuwa ameanza kumsikiliza navigeta, yule anayemsomea dereva barabara iliyo mbele, na kuijua kona kabla hajaiona, na uso wake ulikuwa na fahari ambayo OutRun haiwezi kumpa mtu.

Kuna shutuma nzito zaidi. Burnout 3: Takedown ya 2004 inakuzawadia kwa kuendesha upande wa magari yanayokuja: ukiyakosa kwa unywele, unajaziwa nguvu ya kuongeza kasi. Ukigonga, gari linasambaratika, na sekunde chache baadaye uko barabarani tena. Sisi tunaishi kando ya barabara ya Nakuru kwenda Eldoret. Tarehe 31 Desemba 2017, pale Migaa, basi na lori yaligongana uso kwa uso, na zaidi ya watu 30 wakafa. Mzazi akiikataa gemu hiyo nyumbani kwake, sitabishana naye. Ila siamini kwamba pedi ndiyo inayotuua. Madereva wanaonitia hofu barabara ile wanakimbizwa na hesabu ya jioni ya mwenye gari, au wanateremsha lori bila gia ili dizeli isiliwe. Hao nikiwasingizia gemu, nitakuwa nimeacha kuwauliza waajiri wao.

Lawama yangu mimi iko kwingine. Kona ya Ridge Racer inakudanganya wazi, nawe unajua. Lakini katika gemu nyingi za mtindo huu, ukitangulia, wapinzani wanaongezewa kasi kimyakimya. Ukibaki nyuma, wanapunguziwa, kana kwamba nyote mmefungwa kwa utepe mmoja wa mpira unaovutika. Wanaoutetea mpango huo husema unamfanya mgeni asikate tamaa, na yule mama wa chapati ni ushahidi wao mzuri. Hata hivyo unamnyang'anya aliyefanya mazoezi. Raundi mbili safi hazina maana ikiwa kosa moja kwenye kona ya mwisho linatosha kuzifuta.

Kwenye simu mambo yamezidi. Gemu ya Asphalt 9, iliyotoka 2018 na kupewa jina jipya la Asphalt Legends Unite mwaka 2024, ina TouchDrive, ambapo gari linapinda lenyewe na wewe unachagua njia na kubonyeza naitro ya kuongeza kasi. Kwa mwenye ulemavu wa mkono huo ni msaada mkubwa. Lakini magari yenyewe hufunguliwa kwa kukusanya vipande vya michoro, na baada ya mbio chache gari linaishiwa mafuta, ukae ungoje yajae. Subira hiyo imepangwa iwashe mfuko wako, utoe pesa. Mpwa wangu akiniomba niiweke kwenye simu yangu, namwambia angoje Jumamosi twende kibandani, nami nitamlipia.