Nani Kakwaruza?

Karakanani kwetu mimi ndiye nilikuwa mwalimu wa kushika vitu. Sikuteuliwa na mtu, nilijiteua. Bamba la chuma cha pua likishapigwa polishi mpaka likawa kioo, ukaligusa na kidole chenye jasho, alama inabaki pale kama muhuri wa mahakama. Kwa hiyo nilikuwa nawapigia watu kelele wavae glavu. Tena siyo ile glavu ya pamba uliyofutia mashine jana! Pamba inanasa chenga za chuma, wewe unadhani unalibembeleza bamba kumbe unalipiga msasa. Taya za jiliwa, kile kifaa cha kubania vipande mezani, nilizivisha shaba, na kila asubuhi nilizikagua kwa lenzi. Shaba ni laini, haiumizi chuma, ila inameza chenga, na chenga moja ikizama humo itachora kila kipande utakachobana siku nzima.

Dogo, kijana aliyekuja kujifunza ufundi, alikuwa ameyasikia haya mpaka akawa ananimalizia sentensi.

Basi ikaja kazi ya mabamba 30. Kila moja sentimita 60 kwa 100, unene milimita 1.5, uzito kilo 7 na kidogo. Mteja alisema neno moja tu: nikiona mkwaruzo, mzigo wote unarudi. Mzee wetu wa polishi akawa anang'arisha, mimi nabeba kutoka meza yake kwenda kuosha, dogo anakausha na kubandika ile ngozi ya plastiki ya kukinga uso. Kubeba sikumwachia mtu. Nilikuwa naligeuza bamba, uso unaong'aa unanielekea mimi, nalikumbatia, natembea nalo kama nimebeba bibi harusi. Hoja yangu ilikuwa kwamba mgongo wa bamba ndio ukutane na dunia, uso ubaki kwangu salama.

Siku tatu nzima nimekumbatia.

Siku ya kufungasha nikaja na kifaa changu cha fahari: pampu ndogo ya kunyonya hewa na vikombe viwili vya mpira, kila kimoja kipenyo sentimita 6. Nikawakusanya. Nikawaambia kikombe hakivuti kitu, watu wanakisingizia. Kinachofanya kazi ni hewa ya nje, inayosukuma karibu kilo moja kwenye kila sentimita ya mraba. Tukitoa humo ndani zaidi ya nusu tu ya hewa, kikombe kimoja kinabeba kilo 15 na zaidi. Viwili, kilo 30. Bamba ni kilo 7.

"Hapa hata tukitaka lianguke, haliwezi," nikasema.

Mzee wa polishi alikuwa amesimama na kikombe chake cha chai. Akakiweka chini, akasogea nyuma hatua mbili. Ningekuwa na akili, ningeuliza kwa nini.

Nikawasha pampu. Vikombe vikabana, *fup, fup*. Nikainua taratibu, upande mmoja kwanza. Bamba likapanda, mimi uso kwa dogo, namwonyesha mikono yangu jinsi haigusi kitu. Ndipo nikasikia sauti kwenye kona: *chrrrr*. Sauti ya mtu anayefungua zawadi bila haraka. Pale kwenye kona nta ya polishi haikuwa imetoka vizuri kwenye kuosha, gundi ikakosa pa kushika, na ngozi ya plastiki ikaanza kubanduka. Vikombe havikuachia hata kidogo, hilo naomba lieleweke. Vilishika kwa nguvu zote nilizozitaja. Ila vilishika plastiki.

Nikabaki nimeinua juu ngozi nzima, inapepea kama bendera. Bamba likaenda zake chini.

Bahati, dogo alikuwa ametandika sponji nene pale sakafuni. (Baadaye nilimuuliza nani alimwagiza. Akasema Mzee.) Likatua bila hata kelele. Tukainama kulitazama, na katikati ya ule uso unaong'aa tukaona mkwaruzo: nusu duara yenye mkia mfupi, kama kulabu ya kuvulia samaki.

"Ni hili anguko," nikasema haraka.

"Kwenye sponji?" Mzee akauliza. "Kijana, huu ulikuwa chini ya plastiki. Bandua lingine."

Tukabandua la pili. Kulabu. La tatu, kulabu. La nne zilikuwa kulabu mbili, bila shaka nilikuwa nimelibeba mara mbili, lakini wakati huo akili yangu ilikuwa imeshakimbilia kwa wenzangu. Nikamuuliza Mzee kama gurudumu lake la polishi halina mchanga. Alinitazama tu. Nikaenda kukagua jiliwa kwa lenzi, ingawa mabamba yale hayakuwahi kupita kwenye jiliwa. Nikamwamuru dogo aonyeshe kucha zake. Kijana wa watu akavua glavu, akanyoosha vidole kumi, kucha zimekatwa mpaka kwenye nyama.

Dogo, kucha zilipokwisha kukaguliwa, akachukua rula. Akapima bamba la kwanza: mkwaruzo uko sentimita 38 kutoka ukingo wa chini. La pili, 38. La tatu, 38 na nusu. Akanyamaza kidogo, kisha kwa adabu yote:

"Kaka, samahani. Hebu libebe kama unavyobebaga."

Nikalikumbatia. Akachungulia kwa pembeni, kati ya bamba na tumbo langu.

"Mzee, njoo uone."

Nilikuwa na mkanda wenye bizimu kubwa ya chuma, nusu duara, na ulimi wake umechomoza kwa mbele. Dogo alipoisogeza karibu na ile alama, ilikaa kama ufunguo kwenye kufuli. Kinachoniuma mpaka leo siyo aibu. Ni kwamba lile bamba lilikuwa kioo. Siku tatu lilikuwa linanionyesha bizimu ikija, waziwazi, mara 30, na mimi nilikuwa naangalia kama ndevu zimekaa sawa.

Mzee akarudia polishi mabamba yote. Hakunisema. Alinyoosha mkono tu, nikavua mkanda nikampa, akaufungia kwenye droo yake. Nikapewa aproni ndefu isiyo na kifungo wala chuma, nikaendelea kubeba.

Bamba la kumi na moja, nikiwa katikati ya sakafu, mikono yote miwili kwenye kingo, nikahisi suruali inaanza safari. Kuweka chini haiwezekani, sponji iko mbali. Kubeba kwa mkono mmoja haiwezekani. Nikabana magoti, nikatembea kama bata hatua nne. Ya tano suruali ikafika kwenye vifundo vya miguu. Mbele ya aproni nilikuwa nimesitirika. Nyuma, aproni haina nyuma.

"Usiliachie!" Mzee akafoka.

Sikuliachia. Lilifika mezani halina hata alama, na ndani yake, nyuma ya bega langu, nilimwona dogo vizuri kabisa ameziba mdomo kwa glavu.