Tajiri Akihama Hutangazwa, Mimi Nilipohama Nilidaiwa

Mimi ni dereva wa basi mjini Oslo, mzaliwa wa Tanga, na katika miaka yote niliyoshika usukani huku nimegundua kwamba Mnorwe akiketi karibu na mtu asiyemjua hutazama dirishani mpaka kituo chake kifike, isipokuwa pale linapozuka suala la matajiri waliohamia Uswisi. Hapo ndimi hufunguka. Waliokuwa mabubu tangu kituo cha kwanza huanza kubishana, mmoja akisema nchi inakufa, mwingine akisema waende salama na mlango waufunge wenyewe, nami niliye mbele hulazimika kusikiliza mkutano wa hadhara nisiouitisha, tena bila posho.

Chanzo cha zogo hili ni kodi ya mali, ambayo Norway imekuwa ikiitoza tangu mwaka 1892, yaani kabla Mjerumani hajaanza kutandaza reli ya kwetu Tanga. Kodi hiyo haiulizi mtu ameingiza nini mwaka huu, bali huuliza ana nini, huondoa madeni yake, na kinachozidi kiwango fulani, ambacho mwaka 2024 kilikuwa krona milioni 1.7, hutozwa kama asilimia 1 kila mwaka. Mwaka 2022 serikali ya waziri mkuu Jonas Gahr Støre iliweka kiwango cha asilimia 1.1 kwa mali inayopita krona milioni 20, na Septemba ya mwaka huo Kjell Inge Røkke, mtu aliyeanza maisha kwenye meli za uvuvi akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa nchi, akatangaza kwamba makazi yake sasa ni Lugano, mji wa Uswisi. Bjørn Dæhlie, bingwa wa kuteleza kwenye theluji mwenye medali 8 za dhahabu za Olimpiki, naye akahamia Uswisi. Huyu wa pili ndiye aliyenihuzunisha, kwa kuwa nilidhani mtu aliyeweza kilometa 50 za theluji kwa miguu yake mwenyewe asingeshindwa na asilimia moja nukta moja.

Kilichonichekesha nilipochunguza ni kwamba hata Uswisi wana kodi ya mali. Hutozwa na majimbo, na kwa mtu wa kiwango kile huwa nafuu, lakini ipo. Kwa hiyo mtu amefungasha virago, ameacha bahari na ndugu, akavuka Ulaya kwenda kulipa kodi ileile kwa bei ya chini, kama mama anayezunguka soko zima la Mgandini kwenye jua la saa saba kwa sababu mchicha wa upande wa pili umepungua shilingi mia. Simlaumu, kwa maana hata mimi ningezunguka. Nasema tu kwamba mama yule hajapata kuandikwa magazetini kuwa ni kipaji kinachoikimbia nchi.

Tena wengine hawakuwa na haja ya kuvuka mpaka. Kodi hii hugawanywa kati ya serikali kuu na halmashauri, na mwaka 2021 halmashauri ya Bø, kule Vesterålen kaskazini ambako jua la majira ya baridi huadimika kabisa, ilipunguza fungu lake kutoka asilimia 0.7 hadi 0.2 ili kuwavuta wenye mali. Wakaja. Nami husinzia kwa raha nikimfikiria mwenye mamilioni anayetafuta swichi ya taa saa sita mchana, akijifariji kwamba giza hili lina punguzo.

Sasa, kama kuhama kwao kuna uzito au hakuna, mimi nimesikiliza pande zote mbili kwa muda mrefu kuliko wabunge. Wenye mali wana hoja moja ambayo siwezi kuipuuza. Wanasema utajiri wao si noti zilizowekwa chini ya godoro, bali ni hisa za kampuni, na ili kupata fedha za kulipia kodi ya mali huwalazimu kutoa gawio, yaani fungu la faida ya kampuni, ambalo nalo hutozwa kodi yake, wakati mgeni mwenye hisa katika kampuni ya Norway na asiyeishi Norway haguswi na kodi ya mali. Hapo nawaelewa. Ila siwaelewi wanaposema kwamba wakiondoka wao kila kitu kimeondoka, kwa sababu nilipita bandarini siku ya pili yake nikakuta meli zimetia nanga palepale. Samaki aina ya samoni, ambao faida ya ufugaji wao iliwekewa kodi ya ziada ya asilimia 25 mwaka 2023, hawakuonekana wakifungasha, maana Uswisi haina bahari. Kampuni za mafuta hutozwa hadi asilimia 78 ya faida na bado zinachimba, kwa kuwa mafuta yaliyo chini ya maji ya Norway hayana pasipoti. Kilichohama ni anwani.

Lakini anwani nayo si kitu kidogo, na hapa ndipo napotofautiana na yule abiria wa mlango ufungwe. Oslo akihama mmoja hatuoni pengo. Katika kijiji cha pwani chenye tajiri mmoja na kiwanda kimoja cha samaki, akiondoa anwani yake halmashauri hubaki ikitazama kitabu cha mahesabu kama mtu aliyefika kilioni akakuta wali umekwisha. Na pengo hilo halizibwi na malaika. Mke wangu anafanya kazi katika nyumba ya wazee ya halmashauri, ambako kila bajeti ikibana zamu ya watu wanne hufanywa na watatu, na jioni moja nilipokuwa nikimfafanulia jambo hili kwa takwimu na ishara za mikono, aliniambia, “Baba Zuhura, hao wamehama na hela zao, lakini wazazi wao wamewaacha, na anayewaogesha ni mimi.” Nikakunja gazeti.

Serikali nayo haikulala. Zamani aliyeondoka na hisa zilizopanda thamani, akikaa nje miaka 5 bila kuziuza, kodi ya ile faida ilifutika kabisa. Novemba 2022 mwanya huo ukazibwa, na tangu Machi 2024 anayehama hupewa miaka 12 awe amelipa. Miaka kumi na miwili! Mimi nilipofika nchi hii, kwa kuwa sikujua kwamba mtu hupaswa kuwa na kadi ya kodi, mwajiri alinikata nusu ya mshahara wa kwanza kama sheria inavyomtaka, na wala hakuuliza kama ningependa kuilipa kwa awamu. Kodi yangu mimi hukatwa kabla sijaiona fedha yenyewe. Nikinunua unga wa ugali kuna asilimia 15 ndani yake, nikinunua koti la kuniokoa na baridi kuna 25, na nikiingia mjini na gari langu kuna kamera ya ushuru wa barabara inayonipiga picha kwa upendo kuliko mpigapicha wa harusi yangu. Faraja yangu ya mwaka ni Desemba, ambapo kodi ya mshahara hukatwa nusu tu, nami hutembea wiki nzima nikijiona nimehamia Lugano.

Niliwahi kupiga hesabu ya kuhama kweli. Nilichukua kalamu, nikaandika mali zangu zote, nikatoa mkopo wa nyumba na mkopo wa gari, nikagundua kwamba ili nikimbie kodi ya mali sharti kwanza niitafute mali, na kwamba kwa hali niliyo nayo Uswisi wangenipokea kama mtu wa kusaidiwa.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba Tanga nako nahesabiwa miongoni mwa waliotoroka. Mjomba wangu, mwenyekiti na mweka hazina wa mfuko wa ukoo kwa wakati mmoja, nyadhifa ambazo mkaguzi yeyote wa Norway angeomba zitenganishwe, hunipigia simu kila Ijumaa baada ya swala. Nilipomweleza habari za Røkke kwa nia ya kumburudisha, alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Mjomba, hao Wazungu wako hawajui kutoza. Wewe uliondoka hapa mwaka 2011 ukidhani umetuacha, sasa niambie, ni harusi gani imekupita? Ni arobaini gani?” Sikuwa na jibu. Marekani humfuata raia wake kwa kodi popote aendapo duniani, Eritrea huwadai walioko ughaibuni asilimia 2 ya kipato, na ukoo wetu unafuata mfumo huohuo, isipokuwa kwamba wao wana asilimia na sisi tuna “chochote utakachojaliwa,” ambacho kikitumwa hurudishiwa ujumbe kwamba hakijajaliwa vya kutosha. Kwetu hakuna mwanya wa miaka 5. Kuna kundi la simu la watu 84, ambako jina la aliyechanga huandikwa na kiasi chake, na jina la asiyechanga huandikwa pia, na mbele yake nafasi tupu.

Basi wiki iliyopita, katika kutaka kujua hawa wakubwa waliobaki wanalipa kiasi gani, niliingia katika tovuti ya mamlaka ya kodi. Nchini Norway orodha ya walipa kodi ni ya wazi: ukijitambulisha kwa namba yako unaweza kutafuta mtu yeyote ukaona kipato chake, mali yake na kodi aliyolipa, na tangu mwaka 2014 yule aliyetafutwa naye huweza kuona nani amemtafuta. Kabla ya kumtafuta mtu nilijitafuta mwenyewe, kwa heshima. Kipato kilikuwepo. Kodi ilikuwepo, ndefu na ya kupendeza. Mbele ya mali kulikuwa na sifuri, imekaa peke yake kama abiria wa mwisho wa usiku. Kisha nikafungua sehemu ya waliokutafuta, nikitarajia ukurasa mtupu, nikakuta jina moja. Lilikuwa la mtoto wa mwisho wa Mjomba, kijana anayesoma Bergen, ambaye ukoo umemsamehe michango yote mpaka amalize chuo.

Siku ya Ijumaa simu iliita kabla hata swala haijaisha. Mjomba alinisalimia, akaniulizia watoto, akanitajia kipato changu cha mwaka mzima mpaka krona ya mwisho, na alipofika kwenye ule mstari wa kodi niliyolipa, akasema maandishi yale ni madogo na miwani yake ameiacha msikitini.