Usiunganishe mteja mwingine kabla ya saa tatu usiku

Saa nane mchana kila mtandao wa mtaani ni mzuri. Mwenye kampuni ya kuuza intaneti anapima kasi, anaona megabiti 10 kama alivyoahidi, anapokea M-Pesa ya mteja mwingine. Rudi saa tatu usiku, watoto wako YouTube, baba anatazama mpira, na ghorofa ya tano kuna kijana anapakua mchezo wa gigabaiti 80. Hapo ndipo utajua kampuni imekua au imevimba tu.

Tuchukue kampuni ndogo ya Kayole au Githurai yenye wateja 200, kila mmoja ameuziwa megabiti 10 kwa sekunde. Ukijumlisha ni megabiti 2,000. Hakuna anayenunua zote hizo kwa mwenye mkongo, ile kampuni kubwa inayomuuzia intaneti kwa jumla, na huo si wizi, maana wateja hawatumii kwa wakati mmoja. Akinunua 400, watu watano wanagawana nafasi ya mmoja, na mara nyingi inatosha. Balaa huanza wateja wanapofika 350 na laini kuu bado ni ileile 400. Mtandao hauzimiki, unalegea. Pakiti, vile vipande vidogo vya data, zinapanga foleni ndefu, simu ya WhatsApp inakatakata, lakini video inaendelea kwa sababu imeshajaza akiba yake. Mteja analalamika, fundi anatumwa kubadilisha ruta ya nyumbani, na ruta haikuwa na kosa lolote.

Dawa ni kutazama grafu ya laini kuu. Kilele kikiwa bapa kama meza kuanzia saa mbili hadi saa tano usiku, laini imejaa. Kwa maoni yangu, kilele kikigonga asilimia 70 wiki nzima, agiza nyongeza, kwa sababu nyongeza haiji siku unayoiomba. Wakati unasubiri, weka foleni ya CAKE au fq_codel, programu zinazopanga zamu za data, kwenye ruta kuu na uipe kikomo cha megabiti 380 badala ya 400. Hizo 20 si hasara. Zinafanya foleni ikae kwako, mahali unapoweza kuipanga, isikae kwa aliyekuuzia.

Huyo aliyekuuzia naye muulize maswali. Je, ameunganishwa KIXP, pale Nairobi mitandao inapobadilishana data bila kuzipeleka ng'ambo? Na njia zake za baharini ni ngapi, zinapita wapi? Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika siku moja kule kusini, na Afrika Mashariki nzima ikahisi. Mikataba miwili haimaanishi njia mbili.

Upande wa faiba, kinachoua ni tamaa ya nguzoni. OLT, ile mashine inayorusha mwanga kuelekea kwa wateja, tuseme inatoa +3 dBm, kipimo cha nguvu ya mwanga; namba ikishuka, mwanga umepungua. Splita ya 1:32, kifaa kinachogawa mwanga mmoja kwa wateja 32, inakula desibeli 17 hivi, kilomita tatu za waya zinakula moja, viungio na konekta mbili. Mteja anapata -17 dBm, safi kabisa. Kisha jirani anataka kuunganishwa na splita imejaa. Badala ya kuvuta waya mpya, fundi anachomeka kisplita cha 1:4 getini. Desibeli saba nyingine zimeenda, wateja wanne wako -24. Baada ya miezi miwili mwingine anaongeza cha 1:2, na sasa ni -27.5. Kifaa cha kawaida cha mteja kinaishia -27, chini ya hapo hakisomi mwanga. Kwa hiyo mtandao unakuja na kupotea, taa nyekundu ya LOS, ile ya kukosa mwanga, inawaka na kuzima, na kila anayefika pale anasema ni umeme. Mita ya mwanga ingesema ukweli kwa dakika moja. Tena usilazimishe konekta ya kijani kwenye ya buluu. Ya kijani imekatwa kwa mshazari wa digrii 8, hazikutani vizuri, na mwanga unapotelea hapo katikati.

Umeme wenyewe pia ni hesabu. Betri ya volti 12 na Ah 100 ina saa-wati 1,200, lakini ile ya asidi ukiimaliza chini ya nusu mara kwa mara unaiua. Basi una 600. OLT na ruta zinazokula wati 70 zitakwenda saa saba na kitu, baada ya inveta kuchukua chake. Ukiongeza swichi na redio za paa jirani bila kuongeza betri, saa saba zinakuwa nne.

Kuhusu anwani, zile namba zinazomtambulisha mteja mtandaoni: watu 60 wakifichwa nyuma ya anwani moja ya IPv4, mfumo wa zamani wenye anwani chache, mmoja akituma barua taka, wote 60 wataanza kuulizwa na tovuti kama wao ni roboti. Washa IPv6, mfumo mpya wenye anwani za kumtosha kila mteja, mapema, haikugharimu nguzo.

Novemba 2024 Starlink ilisimamisha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa. Kampuni yenye maelfu ya satelaiti ilikubali kusema imejaa. Ile yenye OLT moja juu ya duka la mchele bado inabandika matangazo nguzoni.