Kabla hujanunua projekta ya gemu, uliza inachelewa kiasi gani

Msimu wa korosho uliopita mjomba wa Newala alilipwa za mnada akanikumbuka na mimi, badala ya kununua kabati kama mama alivyosema nikaagiza projekta Kariakoo ikaja na basi mpaka huku Mtwara. Boksi limejaa maneno, lumeni 9000 (ndo mwangaza), 4K (ukali wa picha), sijui nini. Usiku nikatundika shuka jeupe sebuleni, nikachomeka PS4, picha inchi mia, madogo wa mtaani wamejaa mpaka mlangoni kama kibanda umiza.

Af tukaanza kucheza sasa. Nabonyeza shuti, mchezaji wangu bado anakokota mpira, beki anakuja anamnyang'anya kiulaini, ndo jamaa anakumbuka kurusha mguu, anapiga hewa. Nilifungwa 5 na dogo wa darasa la sita, nikasema pedi mbovu, tukabadilishana pedi, nikafungwa tena.

Kumbe projekta ndo inachelewa. Iko hivi, gemu za mpira za PS4 zinatoa picha 60 kwa sekunde, yaani kila picha ina milisekunde 16.7 hivi, sasa projekta ikipokea picha inaanza kuikarabati kwanza, inapunguza saizi, inapaka rangi, inanyoosha, ndo ikuoneshe. Ukiwa unaangalia muvi huwezi kujua maana hakuna unachobonyeza. Nikapima mwenyewe: simu inayorekodi slomosheni ya fremu 240 kwa sekunde, unachukua kidole kwenye pedi na ukuta kwa pamoja, halafu unahesabu fremu toka unabonyeza mpaka mchezaji anatingishika. Kwenye tivi zikawa 26, kwenye projekta 54. Tofauti 28, kila moja milisekunde 4 na kidogo, ni kama 117, yaani picha 7 nzima za gemu nimeachwa nyuma, ntamfunga nani hapo.

Nusu ya tatizo nlijitengenezea mwenyewe bana. Niliiweka juu ya friji pembeni, picha ikaja imepinda nikainyoosha kwa kistoni, na kistoni ni hesabu nyingine ambayo kwenye projekta nyingi inaongeza kuchelewa na picha yenyewe inafifia makali. Nikaihamishia kwenye stuli juu ya tofali mbili, ikatazamana na ukuta sawasawa, kistoni nikazima, nikawasha gemu modi, ile ya kupunguza kuchelewa, iliyokua imefichwa huko ndani kabisa kwenye mipangilio. Ikapungua, ila haikuisha.

Kwa hiyo mtu akiniuliza sa hivi namwambia lumeni na 4K za kwenye boksi achana nazo kwanza, ulizia inachelewa milisekunde ngapi. Kampuni inayojua inauza projekta ya gemu inaiandika yenyewe, mfano BenQ TH685 imeandikwa 8.3 ukiipa picha 120 kwa sekunde, ambazo PS5 inaweza. Muuzaji akikujibu "hii fasta tu kaka" ujue hajui. Lumeni tafuta zilizoandikwa ANSI, yaani zimepimwa kwa kipimo rasmi, zile 9000 zangu mchana pazia likiwa wazi sioni hata skoa. 4K nayo, "inasapoti" maana yake inapokea tu, uliza rezolusheni yake halisi, yaani yenyewe inaonesha nukta ngapi za picha. Na spika ya bluetooth usithubutu, shangwe la goli linakuja mpira ushawekwa kati, chukua waya.

Kitu kingine kinachonifanya nisite ni taa. Hizo za taa ya balbu, hiyo TH685 ikiwemo, zinataka ukizima feni iendelee kupoza kwanza, sasa kwa umeme wetu huu unaokatika bila hodi mi naogopa, bora LED au leza hata kama bei imesimama.

Ile yangu nimempelekea mjomba Newala, anaangalizia mpira uani na majirani, anaisifia kweli, ananiuliza mbona nimetoa kitu kizuri hivi. Dogo wa darasa la sita anasubiri nikinunua nyingine turudiane, hajui kwamba sa hizi tukicheza kwenye tivi ananifunga vilevile, ila 3.