Samaki pundamilia na mgongo wazi wa watoto wetu

Kisumu kuna akina mama wanaozunguka kliniki na watoto wenye mgongo wazi. Ukiwaambia kuna watu wanaochunguza jeni za samaki pundamilia, samaki wa Asia Kusini asiyemshinda omena kwa urefu, watauliza atawafaa nini. Wana haki ya kuuliza.

Wanaomtetea samaki pundamilia wana hoja nzito. Mayai yake hukua nje ya mwili wa mama na kiinitete ni angavu, hivi kwamba baada ya saa 24 sehemu kuu za ubongo zinaonekana kwa hadubini, kiumbe akiwa hai. Jenomu yake, yaani jumla ya maelezo yake ya kurithi, iliyochapishwa mwaka 2013, ilionyesha kuwa takriban asilimia 70 ya jeni za binadamu zina mwenza kwake. Chukua jeni ya mind bomb. Kwa kawaida, seli inayoanza kuwa neva huonyesha protini ya Delta, na seli jirani ikiipokea kupitia Notch, protini ya kupokea ujumbe, husubiri; mind bomb ndiyo huwezesha amri hiyo kupita. Jeni hiyo ikiharibika, amri haipiti: seli nyingi mno hugeuka neva mapema, na hazibaki za kutengeneza seli zinazohitajika baadaye. Kiinitete hufa. Delta na Notch tunazo hata sisi, kwa hiyo somo hilo linatuhusu moja kwa moja.

Lakini mgongo wazi ni jambo jingine. Kwa binadamu, bamba la seli hujikunja na kingo zake kufungana kuwa mrija wa ubongo na uti wa mgongo kufikia takriban siku ya 28 ya mimba; zisipofungana mgongoni, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Kwa samaki huyu, seli hujikusanya kwanza kama fimbo isiyo na uwazi, kisha tundu hufunguka katikati. Kasoro ya kingo kutofungana hawezi kutuonyesha vizuri. Tena mababu zake walirudufisha jenomu yao, basi jeni yetu moja huenda ikawa mbili kwake, na moja ikiharibika nyingine ikaziba pengo.

Kwangu mimi, asidi ya foliki, vitamini inayopunguza hatari ya mgongo wazi mama akiipata mapema, itangulie. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka iongezwe kwenye unga wa viwandani, ila familia nyingi za huku husaga mahindi yao kwenye vinu vya mtaani, na mama wengi hugundua wana mimba siku hizo 28 zikiwa zimepita. Samaki naye apewe tangi lake chuoni, kwani gharama yake si kubwa. Mtafiti anayeomba ruzuku aseme wazi kwamba anachunguza jinsi seli zinavyogawana kazi ya kuwa neva, asiwaahidi akina mama hao tiba ya mgongo wazi.