Msaka makopo wa Kigoma asiposaka makopo

Kigoma si mji wa kusaka makopo. Nalisema mapema ili ndugu zangu wanaopanda treni kutoka Dar na pawabenki mbili begini wasije wakanilaumu. Kwa asiyeujua mchezo wa jiokashingi, ni huu: mtu anaficha kopo mahali, anaweka nukta zake za GPS mtandaoni, wewe unalitafuta, ukilipata unaandika jina kwenye kijidaftari kilichomo, unalirudisha palepale. Ulianza Marekani Mei 2000, siku moja tu baada ya serikali ya huko kuacha kuivuruga kwa makusudi GPS ya raia, na leo makopo yamepita milioni tatu duniani. Kanuni inataka kopo na kopo viachane kama mita 161. Kuna miji ya Ulaya ambako kupata upenyo wa kuficha jipya ni shughuli. Huku kwetu upenyo upo tele, wafichaji ndio hakuna. Na mgeni wa wiki moja hawezi kuficha lake akaondoka zake, kwa sababu mwenye kopo anatakiwa alitunze: karatasi ikilowa abadilishe, likiibwa aweke jingine.

Kwa hiyo msaka makopo wa Kigoma, sehemu kubwa ya maisha yake, hasaki kitu. Na mimi sioni shida hapo. Ninachokipinga ni ile fikra kwamba mambo mengine tunayoyafanya ni ya kuvutia muda mpaka kopo jipya litokee. Huku hayo ndiyo ugali wenyewe, kopo ni kachumbari.

Wenzetu wa nje wakieleza wanachopenda wakiwa hawasaki, orodha haina maajabu. Kupanda milima, kuvua kwa ndoano, kutazama ndege, kupiga picha, redio za masafa, mafumbo ya hesabu. Ni watu walewale: hawawezi kupita jiwe lililokaa vibaya bila kuligeuza. Sasa mlete mtu wa namna hiyo kwenye Ziwa Tanganyika letu, lenye kina cha mita 1,470, uone kama ataikumbuka simu.

Mimi kwanza ni mtu wa maji. Vaa miwani ya kuzamia, nenda upande wa ufukwe wa Jakobsen au popote penye mawe, inamisha uso tu, huhitaji hata kupiga mbizi. Ziwa hili lina aina kama 250 za samaki wa jamii moja na sato, na karibu wote hawapatikani ziwa jingine lolote duniani. Ila wanaonimaliza ni wale wadogo wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Kuna aina moja ambayo dume hubeba makombe kwa mdomo, moja baada ya jingine, akayarundika mahali pake. Majike huja, kila mmoja akaingia kombe lake, akataga humo ndani. Dume jirani naye akiona upenyo anakuja kuiba makombe, wakati mwingine na jike akiwa bado ndani. Nikiwa na mtu aliyezoea kupekua mashina ya miti akitafuta kopo la filamu, nikamwonyesha hilo, huwa nasikia kelele zake kupitia maji. Angalizo: uliza wenyeji kwanza mahali pa kuogelea. Ziwa lina mamba, na wenyeji ndio wanaojua pa kukaa mbali napo.

Halafu kuna drafti, na hapa lazima nizungumzie mwezi.

Dagaa wa Kigoma huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi taa za betri na sola zimeingia, lakini kazi ni ileile: mwanga unawaita dagaa juu, wavu unawasubiri. Mwezi ukiwa mpevu taa haina maana, ziwa lote linang'aa. Basi siku hizo wavuvi wanabaki nchi kavu. Nyavu zinashonwa, mitumbwi inazibwa, na ikifika jioni vijiwe vya kahawa vinajaa. Ukitaka kucheza drafti na watu wanaoijua, usije wakati wa giza. Njoo mwezi ukiwa mkubwa. Mwaka 2024, serikali iliposimamisha uvuvi ziwani kwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei ili samaki wazaliane, wapenda drafti tulikuwa na neema ya ajabu, ingawa si ya kusherehekea mbele ya mtu ambaye watoto wake wanakula kutokana na wavu.

Kijiweni mambo huenda hivi. Unafika, "Shikamoo babu." "Marahaba. Kaa hapo ule kichapo." Ubao umechorwa kwa rangi ya mafuta, kete ni vizibo vya soda, upande mmoja vimelala kifudifudi, mwingine chali. Mzee anasukuma kizibo kimoja mbele, pweke, kama amesahau. Kijana anakila kwa furaha, maana sheria inamlazimisha ale. Kimya. Mzee anakunywa funda la kahawa, anang'ata kashata, ndipo anaruka, tatu kwa mpigo, na kuulizia kingi yake. Nimeshaona watu wanaofumbua mafumbo magumu ya makopo mtandaoni, yale ya tarakimu zilizofichwa ndani ya picha, wakiliwa vizibo vyote na mzee ambaye muda wote anasimulia habari za bei ya mawese.

Na kuna faida ya pembeni. Huu ni mji wa mpakani, una bandari na stesheni. Kuzungukazunguka sehemu kama hizo umeinamia simu, ukichungulia chini ya mabenchi, ni kujitafutia maswali. Mtu anayejulikana kijiweni haulizwi sana. Atakayeulizwa ni yule aliyeshuka kwenye gari la kukodi na kwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa watu.

Hapohapo kijiweni ndipo utakapoletewa hadithi ya Liemba, hata usipoiomba. Meli imeundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa Dar katika maelfu ya makasha, ikapandishwa treni mpaka huku na kuunganishwa upya. Mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe isije ikachukuliwa, ila mafundi wakaipaka mitambo grisi nzito kwanza, kwa nia ya kuirudia. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza safari kwa jina tunalolijua. Imefichwa makusudi, imekingwa maji, imekutwa na mtu mwingine miaka minane baadaye: kama hilo si kopo, sijui kopo ni nini. Mzee mmoja aliponisikia nikisema hivyo alinitazama kwa huruma tu.

Kutembea kwa miguu kwenda Ujiji nako kuna watu wake. Ni kilomita zisizofika kumi kutoka mjini, unapita eneo la Mwanga, jua likiwa bado la asubuhi. Wageni wengi huenda na bajaji mpaka kwenye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, waliokutana hapo mwaka 1871, wanapiga picha jiwe na miembe, wanageuza. Mimi nasema jiwe ni la dakika kumi. Ujiji ni ile mitaa, mabaraza ya nyumba za zamani, chupa za mawese zimepangwa mezani zikiwa nyekundu juani, na mgebuka uliokaangwa ukanyweshwa hayohayo mawese. Ukitembea, washa simu irekodi njia uliyopita, jioni uichore kwenye OpenStreetMap, ile ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo yeyote anaweza kuichangia. Vichochoro vya huku vingi bado havimo. Msaka makopo ana jicho la kazi hii, anajua tofauti ya nukta iliyokaa sawa na iliyoteleza mita ishirini, na kichochoro kikishachorwa bodaboda anaweza kukipita usiku bila kukupigia simu mara tano.

Sasa lile la kuudhi. Wasaka makopo tuna ugonjwa wa kuhesabu. Nani amepata mangapi, nani amekuwa wa kwanza kufika, nani ameunganisha siku ngapi bila kukosa. Kwenye makopo sawa, ndio mchezo ulivyo. Lakini tunaubeba ugonjwa huo mpaka kwenye mapumziko. Mtu anakuja kutazama ndege Kibirizi, furukombe anashuka mbele yake, anachukua samaki, anapanda naye mpaka juu ya mti, na yeye ameinama anatafuta kisanduku cha kuweka alama ya vema. Mdiria anaelea juu ya maji, mabawa yanapiga, mwili hausogei. Bwana anauliza kama huyu tulishamwandika.

Ninaye rafiki wa hivyo, na tumebishana mpaka muuza kahawa akahama upande. Nilimtolea hoja ya Gombe, ile hifadhi ya sokwe, maana iko jirani, boti zinaondokea hapohapo Kibirizi. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, alifika pale Julai 1960, na desturi ya wanasayansi wakati ule ilikuwa kuwapa wanyama namba. Yeye akawapa majina. Wasomi wakamsema sana. Lakini ni huyo huyo aliyemwona David Greybeard, sokwe mwenye kidevu cheupe, akichomeka jani la nyasi kwenye kichuguu na kuvua mchwa, mwaka uleule wa 1960, jambo lililowalazimisha watu kufikiri upya habari ya nani anatumia zana. Nikamwambia, unaona, namba hazikuhitajika.

Akanijibu kwamba Goodall huyohuyo alikuwa anaandika daftari kila jioni, kila saa na kila tendo, na bila daftari tusingemjua David Greybeard hata kidogo. Hoja hiyo imenikaa. Bado sikubali kwamba kumwandika sokwe anachokifanya ni sawa na kuweka alama ya vema mbele ya jina la ndege, lakini lazima nikiri kijiwe kizima kilimpigia makofi yeye.

Jumamosi hii anakuja na daftari lake jipya, na mimi nitakuwa na miwani ya ziada. Masharti yangu ni kwamba majini daftari haliingii. Ya kwake ni kwamba nikitoka nimwambie nimeona aina ngapi za samaki.