Afisa ustawi anagawa msamaha, hela ya msamaha anayo nani?

Kuna lawama mbili zinazunguka sana hapa Tabora na zote zinamwangukia mtu mmoja, afisa ustawi wa jamii wa hospitali, anayepima nani asamehewe bili ya matibabu. Ndugu wa wagonjwa wanasema watu wa ustawi wana roho ngumu, unaenda na shida yako unapigwa danadana, lete barua ya mtendaji, njoo kesho. Wengine, wakiwemo wahudumu wenyewe, wanasema msamaha umegeuka shamba la bibi, mtu ana ng'ombe kijijini lakini siku ya kwenda ustawi anavaa kandambili zilizokatika na bili inafutwa. Mi naona kila upande una ukweli wake, ila wote wanamgombeza mtu ambaye hata hiyo hela hana.

Tuanze na utaratibu maana wengi hawaujui. Uchangiaji wa gharama za matibabu kwenye hospitali za serikali ulianza 1993 na msamaha ukaja nao, kuna makundi yanayotibiwa bure kisera kama watoto chini ya miaka 5, wajawazito, wagonjwa wa TB na ukimwi, na wazee wa miaka 60 na zaidi WASIO NA UWEZO (hayo maneno matatu ya mwisho hakuna mzee anayetaka kuyasikia, na ugomvi mwingi wa dirisha la wazee unaanzia hapo hapo). Aliye nje ya makundi hayo na hana kitu ndo anapelekwa ustawi, anahojiwa analima nini, anaishi na nani, nani kwenye ukoo anaweza kuchangia, fomu inajazwa, mganga mfawidhi anapitisha.

Sasa bili ikifutwa inafutwa kwenye karatasi tu. Dawa imeshatumika, glovu zimeshatumika, vitendanishi vya maabara vimeisha, na hakuna anayekuja kuirudishia hospitali ile hela. Mishahara inalipwa na serikali sawa, lakini hela ya kuendeshea siku kwa siku kwa sehemu kubwa ni ile ya dirishani na ya bima. Kwa hiyo afisa akiwa na huruma sana mwezi huu, mwezi ujao famasi inakauka, na anayeumia ni maskini mwingine anayeambiwa dawa hii hatuna kanunue nje, na duka la dawa la nje huko haliijui fomu ya ustawi!

Ndo maana wanabana. Nawaelewa, ila wanavyobana ndo kuna shida.

Chukua mkulima wa tumbaku wa Kaliua au Urambo. Ana nyumba ya bati, ana baiskeli, ana bani la kukaushia, ukimpima kwa mali huyu sio maskini kabisa. Lakini akivunjika mguu mwezi wa pili hana shilingi mfukoni, tumbaku iko shambani, pembejeo kakopeshwa kupitia AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) na deni litakatwa kabla hajaiona hela yake, na malipo yenyewe ni mpaka soko lifunguliwe halafu bado unasubiri. Anakuja Tabora mjini karibu kilometa 100 au zaidi, barua ya mtendaji aliitoa wapi usiku ule? Kumwambia auze bati ni kumtoa kwenye ukulima moja kwa moja, mwaka kesho atakuja ustawi kama fukara wa kweli. Na hapo hatujagusa rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando, maana msamaha wa hapa haulipi nauli ya Mwanza wala chakula cha anayemuuguza.

Upande wa pili usipuuzwe lakini. Mfugaji mwenye ng'ombe wa kutosha anayesubiri mnada huyo hana tatizo la umaskini, ana tatizo la muda, na kumsamehe ni kumnyang'anya yule bibi aliyeletwa na majirani. Wapo pia waliokacha CHF (bima ya afya ya jamii) ilipokuwa 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6 wakiwa na hela ya mavuno mkononi, wakiugua wanakimbilia ustawi. Mtu wa hivyo mi ningempa nafasi alipe kidogo kidogo kwa maandishi, sio msamaha.

Kuna wanaosema basi ustawi waachane na mahojiano, watumie orodha ya kaya maskini za TASAF (mfuko wa serikali unaosaidia kaya hizo), uko kwenye orodha unatibiwa, haupo lipa. Inavutia maana inaondoa kubembelezana. Ila orodha za kijijini nazo tunajua zinavyolalamikiwa, mjomba wa mwenyekiti yumo na mjane hayumo, na hata ingekuwa safi haimwoni mtu ambaye ugonjwa wenyewe ndo umemfilisi. Mi ningeitumia orodha kama mlango wa haraka, aliyemo asihojiwe tena, muda unaobaki afisa aumalizie kwa kesi ngumu, kama yule mgonjwa aliyeokotwa barabarani kaletwa na polisi hana jina wala ndugu, maana kumtafutia kwao, chakula na nguo navyo ni kazi yake huyo huyo.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imeweka mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo, na kwangu hicho ndo kipimo chake, kwamba afisa akisaini kuna hela halisi inaingia hospitalini. Isipoingia, tutakuwa tumebadilisha jina la fomu.

Kwa sasa kama una mgonjwa na hali ni mbaya, nenda ustawi siku anayolazwa, usisubiri siku ya ruhusa. Siku ya kwanza afisa ana muda wa kumpigia simu mtendaji wako na kuuliza, siku ya ruhusa bili imeshapanda, kitanda kinasubiriwa na mtu mwingine, na hata ukweli wako unasikika kama uongo.